Kicheko cha Kumruhusu Mize

Jua limekaa juu ya simtanki la msikitini na halitaki kushuka. Nimelikodolea macho mpaka yakatoka machozi, nikashukuru, maana angalau watu wakadhani nalia. Kivuli cha simtanki kimelala mgongoni kwa kuku mmoja mweupe, na kuku mwenyewe kasimama mguu mmoja, wa pili kausahau hewani. Chai niliyomiminiwa wakati Mize anaoshwa bado inafuka. Bahari imejaa nusu ikaishia hapo, haiji wala haiendi, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Ni alasiri. Imekuwa alasiri kwa muda ambao siujui jina, kwa sababu majina yote ya muda yanataka jua litembee kidogo.

Mke wangu kafa. Yuko ndani, keshaoshwa, keshavishwa sanda, kalazwa kwenye jeneza, na hawezi kwenda kwa sababu mimi sijacheka.

Kwenu pengine mtu akifa anakufa tu. Hapa kisiwani haitoshi. Kisiwa chetu ni kidogo, ukipiga chafya upande huu, wa upande wa pili wanakwambia afya, lakini tumegawanyika sehemu mbili tangu enzi ambazo hata makaburi yamezisahau: watu wa Mchanga na watu wa Mawe. Ni watani. Akifa mtu wa Mawe, mtu wa Mchanga anavaa nguo za marehemu, anaingia msibani anatembea kama marehemu, anasema kama marehemu, anawagombeza watu kama marehemu, anazidisha, anaharibu, mpaka mfiwa wa karibu kabisa, yule mwenye uchungu kuliko wote, acheke. Si kicheko cha adabu. Ni kicheko cha kukuponyoka. Kikishatoka, hicho ndicho ruhusa. Jeneza linakuwa jepesi, watu wanabeba, na siku iliyosimama inaendelea na safari yake. Kisipotoka, siku inangoja. Marehemu anangoja. Hata samaki wanangoja, nimekwenda kuwaona, wananing'inia majini kama nguo kwenye kamba.

Mimi naitwa Mtumweni, mtu wa Mchanga. Kazi yangu, na nasema bila majivuno ingawa majivuno yapo, ni kuwaigiza watu wa Mawe wakifa. Nimewaruhusu wengi. Mize alikuwa wa Mawe. Kwa hiyo mtu anayefaa kumwigiza Mize kuliko wote ni mimi, na mtu pekee aliyekatazwa kumwigiza ni mimi, maana mimi ndiye mfiwa. Hatukujaliwa mtoto. Hakuna mwingine wa kucheka kwa niaba yangu.

Zamani haya yalikuwa yetu wenyewe. Wageni walishuka kwenye boti, wakatazama makaburi ya kale, wakakanyaga matumbawe, wakanunua kofia, wakapanda boti. Halafu siku moja boti ikatia nanga katikati ya msiba. Wageni wakaona mwanamume mzima na ndevu zake kavaa gauni la marehemu, anagombana na mlango. Wakacheka. Wakapiga makofi. Meneja wa boti, Bwana Laurenti, mtu mwema kwa kweli, mwenye shingo fupi na haraka ndefu, akanivuta pembeni.

"Bwana Mtumweni, hii kitu ni nzuri mno. Inafanyika tena lini?"

"Mtu akifa."

"Sawa. Anakufa lini?"

Nikamtazama usoni kutafuta utani. Haukuwepo.

Visima vyetu wakati huo vilikuwa vimeingia chumvi, na maji ya kunywa yalikuja kwa boti ile ile. Huwezi kumwambia anayekuletea maji kwamba watu wako wanakufa polepole mno. Basi tukaanza kuwaigiza walio hai. Tukakubaliana kwamba ni mchezo, kwamba kifo kinajua tofauti. Watu wa Mawe wakaulizwa nani yuko tayari, kila mmoja akakumbuka kazi aliyoiacha nyumbani.

"Nichukue mimi," Mize akasema. Alikuwa anapepeta mchele, hata uso hakuinua. "Mimi mzima. Sitapungua."

Nikamchukua. Kila boti ilipofika nikavaa gauni lake la maua ya zambarau, nikapaka wanja, nikawa Mize. Mwanzo nilimwiga kweli. Lakini ukweli wa Mize ulikuwa mdogo, mkimya, mgeni wa safu ya nyuma hauoni. Nikampa mwendo wa bata. Nikampa mkono kiunoni na miwani kichwani. Nikampa tabia ya kuligombeza birika: "We birika we, unachemka kwa siri, unamficha nani?" Wageni walianguka chini. Mize hakuwahi kuligombeza birika maishani mwake. Ila wageni wakawa wakimkuta njiani wanamwomba: mama, tugombezee birika. Na yeye alikuwa hajui kumnyima mtu. Akaligombeza. Akashika kiuno. Akatembea kibata mpaka dukani wakimpiga picha. Nikaona anaigiza vizuri, nikamsifu. Kisha siku moja nikaingia jikoni nikamkuta yuko peke yake, kashika kiuno, analigombeza birika, na hapakuwa na mgeni hata mmoja.

Sasa niambieni. Aliyelala mle ndani ni nani?

Nauliza kwa sababu sijui, na kwa sababu jua limenipa nafasi ya kuuliza. Ukimwiga mtu mpaka akakuiga, yule wa kwanza anakwenda wapi? Anapungua kidogo kidogo kama sabuni, au anaondoka kwa mara moja, mchana mmoja wa kawaida, huku wewe uko uwanjani unapigiwa makofi? Maana kama aliondoka, basi mke wangu alikufa zamani, hakuna aliyemruhusu, na nimekula naye, nimelala naye, nimemuuguza na kumfumba macho mwanamke niliyemtengeneza mwenyewe kwa ajili ya watu wa safu ya nyuma. Na kama hakuondoka, alikuwa amekaa wapi ndani ya lile gauni? Alikuwa ananiita? Mimi nina masikio makubwa, kisiwa kizima kinajua, lakini masikio yangu yalikuwa yanasikiliza makofi.

Vuai kaingia uwanjani kwa mara ya ngapi sijui. Ni binamu yangu, nimemfundisha mwenyewe, na wa Mchanga hawana bora kuliko yeye nikiondolewa mimi. Kavaa gauni la zambarau. Kashika kiuno. Anatembea kibata.

"We birika we!" anapiga kelele. "Unachemka kwa siri!"

Wageni wanacheka. Wapo wengi kuliko boti iliyowaleta. Nawatambua wengine wa miaka iliyopita, na yule mama wa kofia ya manjano aliyekuja mimi nikiwa kijana bila kitambi, kasimama pale pale, hajaongeza hata kunyanzi moja. Kamwinamia jirani yake.

"Tulimwona zamani," anasema. "Zamani alikuwa bora zaidi."

Vuai anatoka jasho. Kanijia, gauni limemkwama makwapani, kanipigia magoti.

"Kaka, cheka basi. Nimemaliza yote. Kibata nimefanya, birika nimefanya, miwani kichwani nimefanya."

"Umefanya vizuri."

"Sasa?"

"Hayo ni yangu, Vuai. Umeniigiza mimi. Mize hujamgusa."

"Mimi Mize mwingine simjui, kaka. Huyu ndiye uliyenifundisha."

Nikajaribu kucheka kwa nguvu. Nilisema ha. Nikasema ha ha. Vuai akanitekenya mbavuni, watu wazima wawili tunafinyangana mbele ya nyumba ya msiba, na mimi nikatoa sauti ambayo kuku mwenye akili asingeiamini. Jua halikutikisika. Bwana Laurenti, aliyekuwa anatembea ufukweni akipima maji kwa fimbo, akaja mbio.

"Wageni wana ndege za kupanda," akasema. "Boti haielei wala haikwami. Injini inawaka, chombo hakiendi. Wazee wangu, wageni si wamecheka? Wamecheka tena sana. Kicheko ni kicheko. Hesabuni hicho."

Watu wa Mawe wakanung'unika. Watu wa Mchanga wakatazama miguu yao. Sheha wetu, kiongozi wa kisiwa, Mwinyikombo, ambaye tangu achaguliwe hajawahi kusema ndiyo wala hapana, akakuna shingo.

"Kimila hakijakatazwa," akasema. "Hakijaruhusiwa pia."

"Basi jaribuni!" akasema Laurenti. "Kujaribu kuna ubaya gani?"

Wakajaribu. Nataka nieleze hili vizuri kwa sababu niliona kwa macho yangu haya. Wanaume wa pande zote mbili wakaingia ndani, wakainama, wakashika, wakasema bismillahi, wakainuka. Walioinuka ni wao. Jeneza lilibaki chini. Si kwamba lilikuwa zito, kizito kinakuvuta; hili halikuvuta. Mikono ilipanda tu ikiwa imekamata kitu ambacho hakikuwa na habari. Wakatoka nje mmoja mmoja, wanatazama viganja vyao.

Hapo ndipo woga ulipoingia kisiwani. Mpaka wakati huo ilikuwa msiba. Sasa watu waliangalia jua kama wanavyoangalia mbwa wasiyemjua. Mama mmoja akamkumbatia mwanawe anayenyonya, ananyonya hashibi, maana kushiba nako kunataka muda. Na mimi nilifikiria kitu kibaya zaidi. Nilifikiria: kama sitacheka kamwe, Mize hatakwenda kamwe. Atakaa mle ndani, hataoza, hatabadilika, alasiri hii itakuwa nyumba yetu. Nilikitamani kitu hicho kwa namna ambayo ilinitisha. Halafu nikakumbuka kwamba simjui niliyetaka kubaki naye.

Nikaanza kuzunguka. Nikamwendea kila mtu aliyemfahamu.

"Nipe kitu kimoja cha Mize. Kimoja tu. Ambacho hakikuwa kwenye mchezo."

Kaka yake akafikiri sana. "Alikuwa anatembea hivi," akasema, akatembea kibata.

Jirani yetu wa ukuta mmoja akafuta machozi. "Masikini. Na lile birika lake."

Shoga yake wa utotoni, waliyetobolewa naye masikio siku moja, akashika kiuno akalia.

Mimi nilikuwa nimewajaza wote. Nilikuwa nimemwaga Mize wangu wa uongo kisiwa kizima, hata kwa watu waliomjua kabla sijamjua, amewaingia kama chumvi visimani. Hakuna pa kuchota. Nikasimama katikati ya njia. Mize. Mize gani. Alikuwa analala upande gani? Wa ukutani. Hapana, huo ni wangu. Sauti yake. Naijua sauti yake. Ninaposema ninaijua naisikia inatoka kwenye koo langu, nyembamba, ya kuchekesha, mbele za watu. Mikono yake. Alikuwa na mikono, hilo nina hakika. Mtu ameishi nami mpaka nywele zake zikabadilika rangi na ninachoweza kuapia ni mikono! Nikakaa chini mchangani. Nikaweka paji la uso kwenye magoti. Nikasema, kwa sauti, sijui nikimwambia nani: nirudishieni hata ubaya wake.

Ndipo akatoka Bi Raya.

Bi Raya ni mama mdogo wa Mize, aliyemlea. Ndiye aliyemwosha. Mimi na yeye ni wakwe, na sisi hapa mkwe ni mtu wa kuangalia chini. Hatukuwahi kula sahani moja. Tukikutana njiani mmoja anakumbuka ghafla kwamba ana jambo upande mwingine. Kwa hiyo alipokuja moja kwa moja, mikono bado inanukia karafuu maiti, akasimama mbele yangu, watu wote waliokuwa uwanjani wakajua kuna kitu kinavunjwa.

"Mtumweni. Simama, baba."

Nikasimama, macho chini. "Naam, mama."

"Nitazame."

"Mama, nitakutazamaje..."

"Nitazame nimesema! Adabu tutarudi kuiokota baadaye."

Nikainua macho. Mwinyikombo akapiga hatua mbele.

"Bi Raya, samahani. Wewe ni wa Mawe. Huwezi kumwigiza marehemu wa Mawe. Hilo limekatazwa waziwazi."

"Nani kasema namwigiza marehemu? Mize sina ruhusa naye. Mimi namwigiza huyu." Akaninyooshea kidole. "Huyu ni wa Mchanga. Wa Mchanga ni haki yangu. Na kwamba ni mzima, si nyinyi wenyewe mliosema wazima wanaigizwa?"

Mwinyikombo akairudisha nyuma ile hatua yake.

Bi Raya akaniambia, kwa sauti ya chini, lakini palikuwa kimya, watu wote walisikia: "Wewe ulikuwa unakwenda kumwigiza huko uwanjani, baba. Yeye nyuma ya nyumba alikuwa anakuigiza wewe. Kila boti. Sisi wanawake tulikuwa tunamngojea. Tumecheka mpaka tumeziba midomo kwa kanga tusisikike. Akatuapisha tusikwambie, anasema atapoteza mchezo wake, wewe ukijua utaanza kujitengeneza. Ngoja nikuoneshe. Hivi ndivyo alivyokuwa anafanya."

Akafunga kanga yake juu ya tumbo, akalivuta tumbo lile kwa mikono miwili kama mtu anayepakia gunia, akalisukumia ndani ya mshipi ambao haukuwepo. Tumbo likakataa. Akaliangalia kwa huzuni, akaliambia, "Tafadhali." Akajaribu tena. Kisha akasogea kwenye mlango wangu. Hakuingia. Akasimama nje, akafuta wanja kwa kiganja, akaupaka wote shavuni, akavuta uso wa mume mwenye nyumba, uso mrefu, mzito, wa mtu anayerudi kutoka kazi ya maana. Akaingia hatua moja. "Nani kaweka ndoo hapa?" akanguruma, na akaikanyaga. Akaruka kwa mguu mmoja ameushika wa pili. Halafu polepole, huku akiruka, usoni pakamjia kumbukumbu kwamba ndoo aliiweka yeye.

Ndani ya nyumba wanawake walitoa mlio mdogo, wa watu wanaokijua kinachofuata.

Bi Raya akakaa mkekani mbele ya sahani isiyokuwepo. Akaichungulia. Akanyoosha mgongo, akamwinulia kidole samaki.

"Usinitazame hivyo," akamwambia samaki. "Mimi nina diploma."

Kweli ninayo. Ya utalii. Na kweli namwambia samaki hivyo, wakubwa tu, wa kuchoma, wale wenye jicho la hukumu, ila namwambia kwa ndani ndani, bila sauti, sikujua kwamba midomo yangu inatembea. Sikujua kuna mtu upande wa pili wa mkeka anaisoma. Na nikaona, jamani, sikumwona Bi Raya, wala sikujiona mimi, nilimwona yule anayetazama: kainamisha kichwa kidogo, kazuia pumzi puani, anakusanya. Miaka yote ile kwenye kona ya jicho langu. Hakuwa na mkono kiunoni. Hakuwa na mwendo wa bata. Alikuwa mtazamo mmoja mkorofi, mpole, usiochoka, nami nilikuwa ndani yake mzima mzima, na ndoo yangu, na tumbo langu, na samaki wangu, na haukunidharau hata kidogo. Yule hapa! Huyu hapa! Mize, ulikuwa umekaa hapa!

Na Bi Raya, kwa sura yangu, akamgeuza samaki kichwa chini jicho lisimwone, akala upande wa pili kwa aibu.

Kikanitoka.

Hakikuuliza. Kilitoka tumboni, kikapita kifuani, kikubwa, cha kijinga, kina mate. Na kabla hakijafika nusu nilielewa kilikuwa ni nini. Nimempata, na hiki ndicho kinachompeleka. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Nikauma kiganja. Kikapita puani. Nikajitupa chini nikafukia uso mchangani, na mchanga ukatikisika kwa kicheko, na nyuma yangu nikasikia bahari inavuta pumzi.

"Ndiyo hicho," akasema Bi Raya. Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa yake, imechoka. "Mbebeni."

"Hapana!" nikasema. "Bado!"

Wakatoka naye. Alikuwa mwepesi, niliona kwa mabega yao. Vuai yuko mbele, bado na gauni. Nikanyanyuka nikawakimbilia, mchanga mdomoni.

"Ngojeni! Sikucheka! Kile kilikuwa kikohozi!"

Vuai aligeuka kunitazama, na nikaona midomo yake inacheza.

"Wallahi kikohozi! Nina kifua mimi! Sheha, sema nao, ndiyo nimempata sasa hivi, nipeni muda wa kumtazama tu, sikucheka, nilikohoa!"

Mwinyikombo akajiziba uso na kanzu. Kaka yake Mize akaanza, kisha wa Mawe, kisha wa Mchanga, wote, machozi yanawatoka, chini ya jeneza, wamezoea, mimi ndiye mchekeshaji wao, na kila walipocheka jeneza lilizidi kuwa jepesi, na wao wakazidi kwenda mbio.